Gunia, Ungo na Karatasi: Kufundisha Kifaa katika Uigizaji wa Mwili

Kifaa, katika uigizaji wa mwili, ni kitu ambacho mwigizaji hawezi kukishika akabaki alivyokuwa. Fimbo ikiingia mkononi, bega hushuka upande mmoja, hatua hubadilika, na watazamaji huanza kungoja jambo ambalo hawakulingoja kabla. Hapo ndipo kifaa kinapoachana na pambo. Meza iliyowekwa pembeni ili watu wajue pale ni ofisini ni pambo, hata ikiwa ya mninga. Maleba humvika mhusika umri, cheo na kazi yake. Kifaa kinashirikiana na mwigizaji, na wakati mwingine kinamkatalia. Gunia tupu lililokunjwa juu ya benchi ni pambo. Mwanafunzi akiliinua kwa namna ambayo mtu aliyekaa nyuma kabisa anaona kiuno kinavyolalamika, limekwisha kuwa kifaa.

Uigizaji wa mwili wenyewe ni ule ambao kisa hubebwa kwanza na mwendo, uzito, mdundo na umbali kati ya watu; maneno huja baadaye, na yasipokuja kisa hakiharibiki. Kwa sababu hiyo kitu kinachoingia jukwaani hukaguliwa kwa ukali kuliko katika igizo la mazungumzo. Katika igizo la mazungumzo kikombe kinaweza kushikwa mwanzo hadi mwisho bila maana yoyote, na hakuna atakayeuliza. Penye kimya, kikombe hicho hicho kitatazamwa na macho mia mbili.

Katika maigizo mengi ya sekondari nchini Tanzania vitu vimepewa kazi moja tu, nayo ni kuthibitisha. Simu kubwa inathibitisha kwamba mhusika ana fedha. Mto uliofungwa tumboni unathibitisha mimba, mkongojo unathibitisha uzee, miwani inathibitisha usomi. Mazoea haya yana ukoo mrefu: yalianzia kwenye vichekesho vya shule za wakati wa ukoloni, yakapita kwenye vikundi vya maigizo ya mijini, yakatua kwenye runinga, ambako kamera husogea hadi kwenye kiganja na mwigizaji hana haja ya kukipigania kitu kionekane. Bwalo la shule halina kamera. Mkongojo ambao haujaegemewa ni kijiti tu, na mwanafunzi anayeupunga huku magoti yake yakiruka kama ya mtoto hajamwigiza mzee. Ametangaza kwamba kuna mzee.

Sababu inayotajwa kwanza shuleni ni ukosefu wa vifaa. Sanaa za Maonyesho ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani kidato cha nne, lakini linafundishwa katika shule chache, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, pamoja na mkondo wake wa amali, umeleta matumaini na madai ya bajeti kwa pamoja. Madai ya ukumbi, sakafu na walimu waliosomea kazi hiyo ni ya haki. Madai ya vifaa vya mkononi ni dhaifu zaidi, na katika mkoa wa Rukwa ni dhaifu mno.

Uwanda wa Ufipa umelala kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mji wa Sumbawanga ukiwa katika mwinuko unaokaribia meta 1,800, na uchumi wake ni wa mikono: mahindi, maharage, ulezi, alizeti, ngano. Mwanafunzi anayeanza kidato cha kwanza Sumbawanga mjini, Laela, Matai au Namanyere mara nyingi ameshalima, ameshapukuchua, ameshapepeta, ameshateka maji na kuyabeba, na ameshashika ncha moja ya gunia lililoshikwa na mwenzake ncha ya pili. Nyumbani kwao kuna jembe, ungo, kinu, mchi, chungu, ndoo, ngata, mkeka, kanga na blanketi, kwa sababu Juni na Julai baridi ya uwanda haina masihara. Vitu hivi vina faida ambayo bunduki ya boksi haitakuwa nayo kamwe: misuli ya mwanafunzi inavijua. Mwalimu hapaswi kumfundisha namna ya kushika ungo. Anapaswa kumfundisha kuona kwamba anajua.

Ufipa una pia mfano wake wa kale wa kitu kugeuzwa mtu. Wayeyushaji wa chuma wa Kifipa walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu na kufikia takriban meta 3, yakivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika tanuru dogo la kitengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto. Watafiti walioandika juu ya kazi hiyo wameeleza jinsi tanuru lilivyochukuliwa kuwa bibi harusi, likawa na nyimbo zake, dawa zake na miiko yake. Udongo ulibaki udongo. Kilichobadilika ni namna watu walivyousogelea, walivyouimbia na walivyojizuia mbele yake. Hii ndiyo kanuni yote ya kifaa jukwaani, na masalia ya malungu yaliyosalia sehemu mbalimbali za uwanda yangefaa kutembelewa na darasa la uigizaji sawasawa na yanavyotembelewa na darasa la historia.

Somo la kwanza ni uzito, na halifai kuharakishwa. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na zaidi kidogo. Hiyo inatosha, na kwa mwanafunzi mdogo nusu yake inatosha. Ndoo huwekwa katikati, darasa likakaa duara, na mmoja akaombwa aichukue, aipeleke upande wa pili, aitue. Hakuna kuigiza. Wengine wanatazama, kisha wanaeleza walichokiona bila kutumia neno “nzito”. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu mwanzoni hawajaona chochote. Wakitazama mara ya pili na ya tatu, mmoja atasema miguu ilitanuka kabla mkono haujagusa mpini. Mwingine ataona pumzi ilikatika. Mwingine ataona kwamba mkono usio na ndoo ulinyanyuka upande, na kwamba akigeuka aligeuza kiwiliwili chote, macho yakachelewa. Ndoo ikipanda kichwani juu ya ngata, mambo yanakuwa mengine kabisa: shingo hurefuka, nyonga huchukua kazi ya magoti, na mbebaji hutazama mbele hata akizungumza na mtu wa pembeni.

Ndoo ile ile ikishamiminwa, mwanafunzi yule yule huombwa aibebe tupu kana kwamba imejaa. Karibu wote hukosea mahali pamoja: wanakunja uso. Meno yanakazwa, mishipa ya shingo inasimama, na ndoo inapaa hewani bila miguu kuwa na habari. Uso ni mwepesi kudanganya, na watazamaji wa vichekesho wameuzoea, ndiyo maana wanafunzi huukimbilia. Dawa yake ni kufunika uso kwa kanga nyepesi inayopitisha mwanga, zoezi likarudiwa. Asiyeweza kuonyesha uzito kwa mgongo na visigino sasa hana pa kujificha.

Kosa la pili ni la kutua. Wanafunzi wengi hubeba vizuri kisha hutupa, mzigo ukifika tu chini mwili unasahau kwamba ulikuwa na mzigo. Aliyebeba debe la mahindi kutoka shambani anajua kwamba vidole havifunguki mara moja, mabega hubaki juu kwa muda, na hatua mbili tatu za kwanza bila mzigo huwa za ajabu, nyepesi kupita kiasi. Kipande hicho cha sekunde chache ni dhahabu ya uigizaji. Kinaweza kubeba kisa kizima: mama aliyetua ndoo, akanyoosha mgongo, akaiona nyingine.

Katika mazoezi haya mwalimu atagundua jambo ambalo shule hazina mazoea nalo, kwamba wajuzi wa darasa si wale wanaoongoza mitihani. Msichana kutoka kijiji cha bonde la Ziwa Rukwa ambaye Kiingereza kinamsumbua anaweza kuwa ndiye mwenye shingo sahihi kuliko wote. Apewe nafasi afundishe. Mwenye kutegemea picha za mtandaoni badala yake anapoteza maktaba iliyokaa madawatini.

Baada ya uzito huja mdundo, na hapa jembe linafaa kuliko kitu kingine. Wafipa wana kilimo chao cha matuta ya mviringo, ntumba, ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Kuna kupiga, kuvuta, kugeuza udongo juu ya nyasi, kurudi nyuma hatua, kuanza tena. Wanafunzi kumi na wawili katika mstari mmoja, bila majembe, wakifanya kazi hiyo kwa pamoja, watapata mdundo wao katika dakika chache. Na wakishaupata, kila badiliko linakuwa habari. Mmoja akichelewa nusu pigo, watazamaji watauliza anaumwa nini. Mmoja akisimama, wote wamemwona. Mwalimu wa kwaya angetamani kupata usikivu kama huo. Kinachohitaji kusahihishwa mara kwa mara ni mpini: jembe lisiloonekana hurefuka na kufupika ovyo, ngumi mbili zinakaribiana hadi zinagusana, na udongo uliokuwa chini ya kifundo cha mguu mara umepanda gotini. Darasa zima liamue urefu wa mpini, liamue pia udongo uko wapi, na uamuzi huo ulindwe kwa ukali.

Wapo walimu wanaoanzia hapo, kwenye kitu kisichoonekana, kwa imani kwamba uigizaji bubu ndio mwanzo wa yote. Ni njia ya kinyume. Mwanafunzi asiyekishika kitu kwanza ataiga aliowaona wakiiga, na ukuta wa kioo unaopapaswa kwa viganja katika kila bwalo la shule duniani umetokana na hilo. Jacques Lecoq, Mfaransa aliyefungua shule yake ya uigizaji Paris mwaka 1956, aliingia katika sanaa hii kutoka kwenye michezo na mazoezi ya viungo, na alikuwa mtazamaji wa miili inayofanya kazi kabla ya kuwa mwalimu wa miili inayoigiza. Shule isiyo na mwalimu wa sanaa za maonyesho lakini yenye mwalimu mzuri wa michezo haijakosa pa kuanzia.

Hatua inayofuata ndiyo inayopendwa na wanafunzi: kukigeuza kitu kuwa kitu kingine. Ungo mmoja huzunguka duara, kila mtu akiutumia kwa namna ambayo haikutumiwa na aliyetangulia. Utakuwa usukani, ngao, kioo, mwezi, kofia, mtoto mgonjwa, bango la waandamanaji. Sharti ni moja, na bila hilo zoezi halina faida: mdomo hauruhusiwi kutangaza. Mwanafunzi anayesema “hili ni gari” amekata tamaa kabla ya kuanza. Usukani hujulikana kwa bega linalofuata kona, kwa mguu wa kulia unaokanyaga, kwa macho yaliyo mbali zaidi ya ungo. Majibu ya haraka huisha baada ya wanafunzi wanane au kumi. Kimya kinachofuata kisivunjwe na mwalimu. Mwanafunzi wa kumi na moja, ambaye hana pa kukimbilia, ndiye huanza kuutazama ungo wenyewe: ukingo wake, mshono wake, sauti yake ukikwaruzwa, punje zilizonasa.

Afrika imetoa mifano ya juu ya kazi hii. Woza Albert!, igizo la Percy Mtwa, Mbongeni Ngema na Barney Simon lililoonyeshwa Market Theatre, Johannesburg, kuanzia 1981, lina waigizaji wawili tu, makasha ya chai, nguo chache zilizotundikwa, na vipande vya mpira wa meza vilivyokatwa nusu na kupakwa rangi ya waridi. Mwigizaji mweusi akijivika kipande kimoja puani amekuwa polisi wa kizungu. Akikishusha shingoni amerudi kuwa mfungwa au kibarua. Utawala mzima wa ubaguzi ulichekwa na kushtakiwa kwa vitu vinavyoingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Miaka kadhaa kabla, mwishoni mwa 1972 hadi mwanzoni mwa 1973, mwongozaji Mwingereza Peter Brook alizunguka kutoka Algeria hadi Nigeria na kundi la waigizaji wa mataifa mbalimbali, wakitandika zulia uwanjani na kuigiza mbele ya watu ambao hawakuwa na lugha moja nao. Katika mji wa In Salah, jangwani, walianza na jozi ya viatu vikubwa vilivyowekwa katikati ya zulia. Watu walivitazama viatu kwanza, kisha wakatazama atakayevivaa. Kwa darasa la Sumbawanga, ambamo gambuti za shambani hazikosekani, zoezi hilo halihitaji tafsiri.

Hata hivyo watazamaji hawaji na macho matupu. Ungo ukipita jukwaani Sumbawanga, kabla mwigizaji hajafanya lolote, mtu atacheka, kwa sababu ungo ndicho chombo ambacho simulizi za uchawi nchini kote zimempa mchawi asafirie usiku. Mji huu umebebeshwa mzaha wa uchawi na watu ambao hawajawahi kufika Laela, na wanafunzi wake wameurithi mzaha huo. Igizo la shule likikosa mwisho, mganga huingizwa na tunguri, kitambaa chekundu na usinga, bwalo likalipuka kwa kicheko. Ni njia rahisi mno, na si ya heri. Katika mikoa ya magharibi tuhuma za uchawi zimewagharimu wazee uhai wao. Mwalimu asikwepe jambo hili kwa kupiga marufuku ungo. Kicheko hicho ni mali ya kisanaa. Kundi linaweza kuuingiza ungo, likaacha watu wacheke, kisha likamwonyesha bibi anayepepeta ulezi wake taratibu, pumzi na mkono vikipokezana, hadi bwalo litulie. Na hapo vijana wamzunguke mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiushika ukingo wa ungo, hadi asiweze tena kupepeta. Neno halijasemwa. Watazamaji waliocheka mwanzo wanajikuta wameshiriki.

Vitu vingine hubeba jinsia. Mchi ukitolewa, wavulana watasogea nyuma au watautwanga kwa fujo ili waonekane wanatania. Fimbo ikitolewa, wasichana wengi wataipokea kama kitu cha mtu mwingine. Tangu 1996, mradi wa Tuseme ulioanzishwa na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele, umetumia maigizo kuwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kutaja yanayowakwaza shuleni. Mafanikio yake yalitokana na wanafunzi kuchambua maisha yao wenyewe. Kifaa kinaweza kuingia kwenye uchambuzi huo bila hotuba. Wavulana watwange watatu kwa kinu kimoja, michi ikipokezana, na haraka itadhihirika kwamba ni kazi ya ustadi: asiyehesabu kwa mwili atampiga mwenzake vidole. Baada ya dakika kumi mzaha huwa umekwisha wenyewe.

Utwangaji huo unafungua mlango wa vifaa vya kundi, yaani vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvimiliki. Mfano wake mkubwa katika tamthilia ya Kiswahili ni Nguzo Mama ya Penina Mlama huyo huyo, aliyeiandika kwa jina la Penina Muhando, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo. Mwongozaji wa shule akiisoma tamthilia hiyo huanza kutafuta mlingoti, kisha fundi, kisha fedha. Kuna njia nyingine mbili. Nguzo inaweza kuwa gogo halisi, zito, ambalo wanawake sita hawawezi kulisimamisha mpaka wakubaliane kuvuta kwa pamoja. Hapo hakuna wa kuigiza ugomvi, gogo lenyewe linawagombanisha. Au nguzo isiwepo, zibaki kamba tu, na pembe ya kila kamba ielekeze mahali pamoja hewani. Njia ya pili ni ngumu zaidi na ina hatari zake: kamba zikielekea sehemu tofauti, nguzo imevunjika. Kwa kidato cha pili gogo linafaa. Kamba zingoje kidato cha nne.

Tamthilia zinazosomwa darasani ndizo zilizotelekezwa kuliko zote. Kwa miaka mingi Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba na Orodha ya Steve Reynolds zimekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili sekondari. Maelfu ya wanafunzi wameandika insha juu ya dhamira zake bila kugundua kwamba zote mbili zinaning'inia kwenye karatasi. Katika Ngoswe, makaratasi ya sensa ndiyo Serikali iliyoingia kijijini. Ngoswe, ofisa anayeyabeba, anayasahau kidogo kidogo kwa ajili ya msichana anayempenda, Mazoea, na mwisho yanateketezwa na baba wa msichana huyo, Mzee Mitomingi. Kundi lililofundishwa uzito litauliza maswali ambayo maswali ya mtihani hayaulizi. Ngoswe anayashikaje siku ya kwanza? Kwapani, kifuani, mkononi? Yanatua lini chini kwa mara ya kwanza, na nani anaona? Mazoea akiketi, yako upande gani wa benchi? Uzembe, ambao katika insha ni neno, jukwaani ni umbali kati ya mtu na makaratasi yake, na umbali huo unaweza kupimwa kwa hatua.

Orodha inakwenda kinyume chake. Karatasi aliyoiacha marehemu Furaha ni nyepesi, lakini kwa kila mtu mazishini anayehofia jina lake limo, ina uzito wa gogo. Zoezi linalofaa ni kuipitisha karatasi hiyo, isiyo na maandishi, mikononi mwa waombolezaji wote kabla haijasomwa, kila mmoja akiipokea kwa hofu yake mwenyewe. Mwenye hofu kubwa huenda ndiye anayeipitisha haraka kuliko wote, au ndiye anayeikunja vizuri mno. Darasa la watu sitini linaweza kufanya hivyo bila kusogeza dawati hata moja.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, inaleta swali gumu zaidi: maji. Imani ya wapiganaji wa Majimaji wa mwaka 1905 ilikuwa kwamba maji yatawakinga na risasi, na tamthilia inakaa juu ya shaka ya imani hiyo. Maji halisi jukwaani yanang'aa, yanateleza, yanalowesha nguo, na watazamaji huanza kuhofia sakafu. Maji yasiyoonekana yanahitaji kibuyu chenye uzito unaopungua kila yanapomwagwa, na miili inayoyapokea kwa njia tofauti: aliyeamini kabisa, aliyeamini kwa sababu jirani ameamini, na aliyekuja kwa ajili ya bunduki za Wajerumani tu. Chaguo la pili ni bora. Mtazamaji akiona matone halisi atajua kwamba ni maji ya bomba, na shaka inayopaswa kukua polepole itakuwa imeshajibiwa mapema.

Hapa inafaa kujibu wanaosifu ufukara. Jerzy Grotowski wa Poland, aliyeuita uigizaji wake wa kimaskini katika miaka ya 1960, aliuchagua umaskini huo kwa hiari, akiwa na chumba, muda, na waigizaji wa kulipwa waliofanya mazoezi kila siku. Shule ya kata haikuchagua. Kuiambia kwamba ungo unatosha, kisha kuinyima sakafu isiyo na mashimo, ni kuitania. Mwili unaojifunza kuanguka na kunyanyua huumia kwenye saruji iliyobomoka. Uwanja wa nyasi unafaa zaidi, ingawa Januari na Februari mvua ya uwanda huuchukua. Saa za mchana zinapendeza kuliko asubuhi za Julai, ambapo misuli ni baridi na mgongo hukatika kwa kuinua ndoo kabla ya kukimbia mizunguko kadhaa ya uwanja.

Usalama una kanuni fupi. Panga, mundu na shoka zibaki nyumbani hata zikiwa butu. Jembe la chuma litumike kujifunzia peke yake, katika kundi ubaki mpini tu. Makaratasi ya Mitomingi yasiwashwe bwaloni. Moto unaweza kuigizwa na mikono kumi ya kundi, na ni mzuri zaidi. Gunia la kilo mia lisiinuliwe na mwanafunzi yeyote kwa sababu ya sanaa. Chombo cha ibada au cha uganga kisiazimwe kwa siri kutoka nyumbani kwa mtu, na kanga ya mama irudishwe imefuliwa. Shule inayotunza vitu vya watu kwa heshima itaazimwa tena.

Shule nyingi huiona kazi hii ikifaa kwenye ngoma za mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, pekee, ambako mikuki, ngao na vibuyu vinahesabiwa kuwa utamaduni. Vinastahili, lakini mara nyingi hubebwa tu, vikapungwa kwa pamoja, vikarudishwa stoo. Mchezaji ngoma aliyepitia somo la uzito atashika mkuki unaoweza kumchoma mtu, na mstari wake wote utacheza vingine.

Mwisho ni kupima. Mwalimu akitoa maksi kwa uzuri wa kifaa, atazawadia mzazi mwenye fedha au fundi wa jirani. Apime vitu vinavyoonekana mwilini: kama uzito ulikuwepo tangu kuinua hadi kutua, kama kitu kilibaki na umbo lake kikipita mkono hadi mkono, kama macho yalifika kwenye kitu kabla ya mkono, kama kilipogeuzwa kilijulikana bila kutajwa. Kuna pia kipimo cha pili, rahisi kukitoa na kigumu kukipita. Kundi likimaliza, lipewe kifaa kingine, ufagio badala ya mchi, blanketi badala ya ungo, na liambiwe lirudie onyesho. Onyesho likitoka lile lile, hatua kwa hatua, kifaa cha kwanza hakikuwa na kazi yoyote ndani yake, na maksi za kifaa hazipo.